Mwanya Wetu na Waya Zako, Daktari

Bartolomayo Matonya,
Msimamizi wa Uzio, Ranchini,
Kongwa.

Daktari Nazish,
Mnyoosha Meno,
Ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
Dodoma Mjini.

Ndugu Daktari,

YAH: MALALAMIKO YA FAMILIA KUHUSU MWANYA ULIO HATARINI KUFUNGWA

Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii. Sisi ni wazima, mtama umesimama vizuri, na upepo wa huku unaujua. Kama kuna kitu ambacho hakijasimama vizuri tangu mwezi wa pili ni mimi, na sababu ni wewe. Samahani kwa kuanza hivyo. Mke wangu, Mama Luka, alinishauri nikusifu kwanza kwa nusu ukurasa ndipo niingie kwenye lawama, lakini nina karatasi nne tu, na lawama zenyewe zimejaa.

Mimi ni baba yake Penina, yule binti mrefu wa chuo cha Hombolo unayemwona kila mwisho wa mwezi, mwenye vyuma kwenye meno ya juu na ya chini. Vyuma hivyo analipiwa na kaka yake Luka, fundi wa madirisha ya aluminiamu hapo mjini, kwa hiyo upande wa gharama sina la kulalamikia, jambo ambalo limenipunguzia nguvu sana. Mimi na wewe tumeonana siku moja tu, ile ya kwanza, nilipomsindikiza. Huenda hunikumbuki. Ni yule mzee aliyekaa kwenye benchi la kusubiria, kofia mkononi, ambaye mhudumu wako alimwamsha mara mbili. Sikuwa nimelala. Nilikuwa natafakari, na mimi nikitafakari huwa nakoroma kidogo.

Ndani kwako sikuingia. Najua utauliza, basi kwa nini mzee huyu asimuulize binti yake mwenyewe mambo ya meno yake, mpaka aniandikie mimi? Swali zuri. Katika nyumba hii, Daktari, baba hamuulizi binti aliyekwisha kukua habari za mwili wake. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo baba yangu alivyolelewa. Swali linaanza kwangu, linakwenda kwa mama yake, mama yake analikabidhi kwa dada yangu Zipora anayekaa ng'ambo ya reli, Zipora ambaye ni shangazi ndiye anayemuuliza binti, na jibu linarudi kwa njia ileile likiwa limechoka. Niliuliza mwezi wa kwanza: mtoto anataka kufanywa nini mdomoni? Jibu lilinifikia baada ya siku tisa. Lilisema, "Anataka meno yake yakae sawa." Basi. Siku tisa, maneno matano.

Mimi si daktari, lakini nina akili za kawaida. Meno yakikaa sawa yamekaa karibu. Yakikaa karibu hayana nafasi katikati. Na nafasi hiyo ya katikati, kati ya meno mawili ya mbele ya juu, ndiyo mwanya wetu. Ninao mimi. Alikuwa nao marehemu mama yangu, na watu wa zamani wanasema ulimtangulia. Nina watoto watano, na Mungu kwa hekima yake aliutoa kwa mmoja tu, Penina. Sasa nimeelewa kwamba wewe unaufunga. Kwa hiyo naomba kulalamika, kwa mpangilio, kama ifuatavyo:

1. Umefunga waya bila kumshauri mtu wa waya.

Miaka ishirini na sita nimefunga seng'enge kwenye ranchi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana nimefika hapo kwa sababu nilishindwa kila kazi nyingine, ikiwemo kukamua. Lakini waya naujua. Ukichukua nguzo mbili, ukapitisha waya, ukakaza, nguzo zile zitaanza kuinama kuelekeana kama wazee wanaoteta msibani. Ukikaza tena mwezi unaofuata zitaegemeana. Ndiyo maana hakuna mtu wa uzio anayeanza kukaza kabla hajajua geti litakaa wapi. Nguzo za geti huwekewa ubao kati yake, zisisogeleane.

Ulimfunga binti yangu waya juu na chini, meno yote, na kila mwezi unakaza. Mimi nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwenye mlango wako, mtaalamu mwenye uzoefu wa robo karne, na hakuna aliyetoka kuniuliza chochote. Mhudumu wako aliniuliza tu kama nataka maji.

2. Umeondoa karanga Kongwa.

Wewe ni mtu wa mjini na huenda historia ya huku hukuifuatilia. Mwingereza alikuja Kongwa na matrekta, reli na mahema ili alime karanga, akashindwa, akaondoka. Sisi tukabaki tukizilima kwa jembe na kuzila bila kumwambia mtu. Yeye kwa matrekta yote yale hakufaulu kuzileta. Wewe umefaulu kuziondoa kwa karatasi moja.

Karatasi hiyo tumeibandika ukutani jikoni, karibu na kalenda ya kanisa, na inasomwa kuliko kalenda. Imekataza karanga za kukaanga, mahindi ya kuchoma, muwa, ubuyu, barafu, na nyama inayong'atwa kwenye mfupa. Imeruhusu uji, ndizi, mtindi na vitu laini. Mke wangu ameisoma akasema kwa maana hiyo umeruhusu mlenda, na ni kweli, mlenda haujawahi kumvunjia mtu kitu chochote.

Matokeo yake ni haya. Mtoto akija Jumamosi, mama yake anakaanga karanga kwa mazoea, halafu anakumbuka, halafu nyumba nzima inageuka kutazama karatasi ukutani. Penina anachukua zake anazitwanga kwenye kinu mpaka ziwe unga, anaukomba kwa kijiko, na anatuambia ni tamu vilevile. Sio tamu vilevile. Nimejaribu. Kwa kumuunga mkono niliacha kula karanga mbele yake, ikanibidi niwe nazila ghalani, nyuma ya magunia, nimesimama. Mama Luka alinikuta huko, mfuko wa koti umejaa, akaniuliza kama na mimi daktari amenipangia mahali pa kulia. Mtu wa miaka hamsini na minne, Daktari, anakimbizana na mkewe kwenye ghala lake kwa ajili ya karanga.

3. Suala la rangi.

Huwa unamwekea viraba vidogo vya rangi kushikilia waya, na kila mwezi anachagua vingine. Mwezi wa tatu vilikuwa bluu. Sikusema kitu. Mwezi wa nne zambarau, nikajua ni za Kwaresima, nikakuheshimu. Mwezi wa tano alirudi na kijani na njano.

Nyumba hii ni ya watu wa Simba, tangu baba yangu. Jirani yetu Adamu, ambaye ni Yanga mpaka kwenye soksi, alisikia kwamba mtoto ana maumivu ya meno akaja kumpa pole. Akamwomba afungue mdomo kidogo aone. Mtoto kwa heshima akafungua. Adamu akavua kofia yake, akasimama wima kwa muda mrefu, halafu akanipa mimi mkono wa pongezi. Tangu siku hiyo kila Jumamosi anakuja kumjulia hali mgonjwa. Hajawahi kutujulia hali namna hiyo, hata mwaka ule nilipoanguka kutoka kwenye nguzo nikavunjika mkono. Anakunywa chai yetu, anaangalia bendera yake, anaondoka.

Ninatambua kwamba rangi alizichagua mwenyewe. Lakini wewe ndiye uliyekuwa nazo kwenye sanduku.

4. Umevuruga mawasiliano kati yetu na ng'ombe.

Hili ni la kikazi kabisa, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Mwanya wetu si urembo tu. Kuna mluzi unaopita humo. Unaweka ulimi nyuma ya meno mawili, unavuta midomo pembeni, unasukuma pumzi, na sauti inayotoka inafika mpaka kwenye vilima. Ng'ombe wangu kumi na mmoja hawajui mluzi mwingine. Luka alijaribu kwa vidole, hawakuinua hata vichwa. Penina alianza kuwaita ana miaka saba, na akiwa likizo kazi hiyo ilikuwa yake. Akipiga mara moja, wanageuka. Akipiga mara mbili, wanapanga mstari.

Mwezi wa tatu, wiki ya kwanza baada ya kukazwa, alikwenda kwenye ukingo wa korongo kama kawaida, akavuta midomo, akapiga. Nilikuwa mbali kidogo, sikusikia mluzi. Nilisikia kitu kama sufuria ya maharage inapoinua kifuniko. Ng'ombe wakasimama wakamtazama, kimya, kama wajumbe wa kikao wanaosubiri kuambiwa posho imefika au haijafika. Akapiga tena. Safari hii akaja mbwa wa Adamu.

Akarudi nyumbani anacheka, midomo imechubuka, akamwambia mama yake kwamba mifugo imemkana. Mama yake akacheka. Nami nilicheka, kwa kuwa nilikuwepo, lakini baadaye nilikwenda kuwaita mwenyewe, na njiani nilipiga hesabu. Mimi sina miaka mingi ya pumzi. Siku pumzi yangu ikiisha, na mwanya wa Penina ukiwa umefungwa, ng'ombe hawa watabaki wanangoja kuitwa.

5. Hili limefutwa kwa amri ya mke wangu.

Lilikuwa linaeleza namna nilivyompata kwenye mnada wa Kibaigwa, mimi nikiwa sina kitu chochote isipokuwa mwanya, na jinsi nilivyocheka mara moja tu na mambo yakaisha. Mama Luka amelisoma na kusema halikuwa hivyo, kwamba alinionea huruma kwa sababu viatu vyangu havikufanana. Kwa ajili ya amani nimelifuta. Lakini ujue kwamba lilikuwa malalamiko mazito kuliko yote, na ukinikuta peke yangu nitakueleza.

6. Athari kwa taifa.

Ndugu Daktari, mimi nikija Dodoma siku hizi napotea. Kila nikija nakuta kitu kimenyooshwa. Njia iliyokuwa inapinda kwenda kwa rafiki yangu sasa imekuwa barabara nne zinazokwenda sambamba, zote zinakwenda mahali pengine. Viwanja vimepimwa, mawe ya mipaka yamepandwa, nyumba zimepangwa zinatazamana kama wanafunzi kwenye paredi. Sikatai, makao makuu ni makao makuu. Lakini niliona ramani ya mji imebandikwa kwenye ofisi moja, na nilichokipenda ni kwamba hata hao watu wa mipango miji, kwa ukali wao wote wa kunyoosha, kila baada ya mitaa kadhaa wameacha kipande kitupu na kukiandika: eneo la wazi. Watoto wachezee hapo. Watu wapumulie hapo. Akija mtu kujenga humo wanamwekea alama nyekundu ukutani.

Sasa nauliza, na nauliza kwa adabu: kama serikali nzima inaelewa umuhimu wa eneo la wazi, kliniki yako imekosaje? Umeanza na Penina. Mwezi ujao atakuja binti mwingine wa chuo, na wa wizarani, na wa benki. Baada ya miaka kumi watu wote wa mkoa huu watakuwa na mdomo mmoja. Tutakutana msibani na hatutajua nani ni wa kwa nani. Wakati wa mama yangu, mtoto alikuwa akipotea mnadani, mtu anamwambia acheke, anatazama, anasema huyu ni wa kwa Matonya, mpelekeni. Utawapelekaje watoto kwao, Daktari, wakishakuwa wote sawa?

7. Hili sikulipanga.

Nilikuwa nimeandika namba sita, nikaona zimetosha, nikaweka kalamu chini. Nikaichukua tena.

Tangu yuko darasa la sita, Penina akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Kaka zake wanacheka mpaka kuku wanatoka uani. Yeye anacheka nyuma ya mkono. Nilisema ni adabu. Mama yake alisema ni adabu. Mwalimu wake alituandikia kwenye ripoti kwamba mtoto ana adabu. Tulifurahi, tukaendelea na maisha.

Sasa tulipoletewa habari, kupitia kwa Zipora, kwamba anataka kuwekwa vyuma, ndipo nilipoelewa, nikiwa juu ya nguzo, nyundo mkononi, nikashuka. Mtoto huyu ana urefu wa mama yake. Ana macho ya mama yake. Masikio yangu alikataa kuyachukua, na namshukuru Mungu kwa niaba yake, maana masikio haya yamenipunguzia nafasi nyingi maishani. Miguu yangu hakuichukua. Kwangu alichukua kitu kimoja tu. Na hicho kimoja ndicho alichokuwa anakifunika kwa mkono miaka kumi, na alipopata nafasi amekwenda kwa mtaalamu kukiondoa.

Nimemtazama mtoto huyo mezani miezi mitano sasa. Kila akija, natazama kama mwanya umepungua. Nikiona umepungua nashindwa kula. Nikiona haujapungua nahisi ni macho yangu. Sijamwambia mtu. Nimekwambia wewe kwa sababu hatujuani.

Kutokana na maelezo hayo, naomba kwa heshima yafuatayo. Kwanza, usikaze tena mpaka nije mimi mwenyewe na futi yangu, tupime pamoja. Nitavaa viatu visafi. Pili, kama taaluma yako inakulazimisha lazima meno yote yakaribiane, basi uniandikie barua yenye mhuri kueleza mwanya wetu umepelekwa wapi, maana kitu hakipotei hivihivi. Kama umeuhamishia nyuma kwenye magego, familia ijulishwe. Tatu, hata ukikataa yote, uache geti. Hakuna uzio usio na geti, Daktari. Uzio usio na geti si uzio, ni kosa, na mimi nimewahi kuufanya, mwaka wa kwanza kazini, nikiwa ndani pamoja na ng'ombe mia mbili.

Nina imani kwamba malalamiko haya utayapokea kwa moyo ambao mimi nimeyaandika nao, yaani nikiwa nimekasirika lakini sina ugomvi. Mke wangu anakusalimu. Zipora anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia. Akijua atataka kuipitia kwanza. Nisalimie mhudumu wako aliyeniamsha kwa upole. Nisalimie pia Mzee Kishan wa duka la vitambaa hapo chini, ambaye siku ile nilipokosa mahali pa kukaa, baada ya kufukuzwa na usingizi wangu mwenyewe, alinipa kiti na chai ya maziwa na hakuniuliza kama ninanunua. Nilinunua mita mbili hata hivyo, na mpaka leo hatujui ni za nini.

Ni mimi, baba wa mgonjwa wako na mwenye mwanya wa asili,

Bartolomayo Matonya

Nyongeza baada ya sahihi:

Daktari, imetokea hali. Nilikwisha kuweka sahihi, nikagundua jina kamili la kliniki yako silijui, na "juu ya duka la vitambaa" huenda isifike. Penina yuko nyumbani wikiendi hii. Nikamwita sebuleni, nikamuuliza anwani. Akauliza ya nini. Nikasema ni barua ya kikazi. Akasema kuna kazi gani kati ya seng'enge na meno, baba? Nikaifunika karatasi kwa kofia, lakini ile YAH niliiandika kwa herufi kubwa kama inavyotakiwa, na kofia yangu ni ndogo.

Akavuta kigoda akakaa. Akaomba aisome. Nikampa, maana ningefanyaje. Aliisoma yote, akacheka kidogo kwenye mbwa wa Adamu, na alipofika namba saba akaacha kucheka. Nikaanza kusema kwamba jambo hili tulipitishe kwa shangazi. Akasema shangazi ana shughuli.

Basi akafungua mdomo, akavuta mdomo wa juu kwa kidole, akanionyesha jino la pembeni, upande wa kulia, lile la chonge. Limeota limempanda mwenzake. Mbele yake, kwa ndani ya mdomo, kuna kovu. Anasema tangu darasa la sita linamkata kila akicheka sana au akila haraka, na wenzake shuleni walimwita jina kwa ajili ya jino hilo, jina ambalo amekataa kuniambia. Ndilo alilokuwa analiziba. Mimi nimeishi na jino hilo nyumba moja miaka kumi na sikuwahi kuliona, kwa kuwa nilikuwa naangalia katikati.

Kisha akasema, na hili naliandika kama alivyolisema: "Siku ya kwanza kabisa nilimwambia daktari, hapa katikati pasiguswe. Akaniuliza kwa nini, watu wengi huja kuufunga. Nikamwambia hapa ni kwetu."

Nilimwomba aniruhusu nitazame, kama fundi. Akaruhusu. Nikavaa miwani. Na ni kweli, kati ya yale meno mawili umepitisha kimrija kidogo cha chuma kwenye waya, kama nafaka moja ya uwele, kinayazuia yasisogeleane. Nimekitazama kwa muda, mpaka akaniambia baba, taya linachoka, na mluzi utarudi vyuma vikitolewa. Ni kazi safi. Mtu wangu wa uzio angeifanya vile ningempandisha cheo.

Nilitaka kuichana barua hii. Penina amekataa. Amesema ataileta mwenyewe Jumatatu, na anataka uisome kwa sauti yeye akiwa kwenye kiti, mdomo wazi, asiweze kunitetea. Kwa hiyo imekufikia. Naomba ufute namba moja, namba tatu, namba nne, namba sita na namba saba, na maombi yote matatu. Namba tano ilikwishafutwa. Namba mbili inabaki kama ilivyo. Karanga ni karanga.

Halafu kuna jambo moja, na hili si malalamiko. Ukimkaza Jumatatu, mkaze polepole. Siku ya kwanza huwa hali chochote, na anadhani sisi hatujui.

B.M.